Stemu Nyepesi za Baiskeli za Mbio: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Stemu ni kile kipande kifupi kinachoshika usukani upande mmoja na mrija wa uma upande wa pili (uma ni sehemu inayoshika gurudumu la mbele). Ikikatika mteremkoni, usukani unabaki mikononi na baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Ndiyo maana mpangilio huu haukuanzia kwenye mizani. Umeanzia kwenye malalamiko ambayo waendeshaji huyarudia kila mara: usukani unaoteleza na kujizungusha kuelekea chini, mlio wa kukwaruza wakati wa kupanda mlima, bolti zilizokula nyuzi, na nyufa.

Vipimo vyote hapa ni vya stemu ya mm 100, kwa usukani wa mm 31.8 na mrija wa uma wa mm 28.6, vipimo vya baiskeli nyingi za mbio za sasa. Pima vyako kwanza. Zipo baiskeli zenye mrija mnene zaidi, na usukani wa zamani wa mm 26.0 au 25.4 hautashikwa na stemu ya 31.8 hata ukaze vipi.

Stemu ya kawaida inayokuja na baiskeli huwa na g 140 hadi 160, na nyepesi nzuri ina g 110 hadi 130. Tofauti yenyewe ni kama g 40, yaani mafunda mawili ya maji kutoka kwenye chupa yako. Kumbuka pia kwamba uzito ulioandikwa kwenye tangazo unaweza kuwa wa urefu mwingine, au umepimwa bila bolti.

1. Aluminiamu iliyofuliwa, g 110–130, bolti za M5 (kipenyo cha mm 5)

Hii ndiyo ya kununua. Kiwiliwili kimefuliwa kwa joto na shinikizo ndani ya kalibu, kwa hiyo chembe za metali hufuata umbo la stemu yenyewe, wala hakuna mahali palipochomelewa. Tafuta yenye bolti nne mbele na mbili nyuma, zile za nyuma zikiingia kutoka pande tofauti ili mrija ubanwe sawasawa pande zote mbili.

Bolti ndizo muhimu kuliko kila kitu kingine katika uamuzi huu. Eneo linalobeba mzigo kwenye bolti ya M5 ni mm² 14.2, kwenye M4 ni mm² 8.8 tu, takriban asilimia 62. Fungua bolti moja, kisha irudishe kwa vidole huku ukihesabu mizunguko tangu inaposhika nyuzi hadi inapogusa kifuniko cha mbele kinachobana usukani. Nyuzi za M5 zina hatua ya mm 0.8, kwa hiyo mizunguko 10 ni mm 8 za nyuzi zilizoshikana. Hizo zinatosha ndani ya aluminiamu. Ukipata mizunguko 6, hiyo ndiyo stemu itakayokula nyuzi siku ya tatu unapoifungua.

Utakutana na aina mbili kubwa za aluminiamu, 6061 na 7075. Katika hali ya T6, yaani ikiwa imeimarishwa kwa joto, 7075 huvumilia mkazo wa karibu MPa 500 kabla ya kupinda moja kwa moja, na 6061 kama MPa 275. Wauzaji huishia hapo. Wasichosema ni kwamba ukakamavu wa aina zote mbili unakaribia kuwa sawa, kama GPa 70. Kwa hiyo stemu ya 7075 iliyopunguzwa unene ili ipate wepesi itakuwa imara, lakini itanesa zaidi. Mwenye mwili mkubwa anayesimama kwenye pedali na kuvuta usukani ataihisi, hasa kwenye urefu wa mm 120 au 130.

2. Aluminiamu iliyochongwa kwenye mashine, g 120–150

Hizi huchongwa kutoka kwenye bonge zima. Sifa yake kubwa ni usahihi wa tundu: usukani unakaa kama kidole ndani ya pete, na malalamiko ya kuteleza na milio hupungua. Tatizo liko kwenye madirisha yanayokatwa ili kupunguza uzito. Kona kali ya dirisha ni mahali ambapo ufa huanzia. Chagua yenye kona zilizoviringwa, na upitishe kidole ndani ya kingo za tundu. Ukingo unaokwaruza ngozi utakwaruza na mrija wa kaboni, irudishe dukani. Kwa mtu asiyejali gramu 20 za ziada, hii inaweza kupanda hadi namba moja.

3. Aluminiamu ya g 90–110, bolti za M4 au za titaniamu

Hapa uangalifu wa mwendeshaji unaanza kuhesabika kuliko jina la stemu. Stemu hizi hazikatiki ovyo, ila hazisamehe. Nyingi hutaka zikazwe kwa toki, yaani nguvu ya kuzungusha bolti, ya Nm 4 badala ya 5 au 6. Shika spana fupi, mkono ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye bolti: Nm 5 ni sawa na kusukuma kilo 5 hivi kwenye ncha hiyo. Mkono wa mtu mzima husukuma mara mbili ya hapo bila kujua. Bila spana ya kupima toki, usinunue kundi hili.

Bolti za titaniamu hupunguza kama g 10 kwa seti ya sita. Zikiingia kavu, nyuzi hung'ang'aniana na kichwa kinaweza kukatika wakati wa kufungua. Paka mafuta ya kuzuia kung'ang'ana kwenye nyuzi na chini ya kichwa, na ufuate toki aliyoandika mtengenezaji kwa bolti hizo hasa. Kubadilisha chuma kwa titaniamu kwenye stemu ambayo haikuja nazo ni pesa ya bure.

Soma pia kikomo cha uzito wa mwendeshaji. Kikiwepo, kichukue kama kilivyo.

4. Kaboni

Nyingi zinazouzwa kama kaboni ni aluminiamu iliyovikwa ngozi ya kaboni, na uzito wake ni uleule au zaidi. Umenunua sura. Za kaboni tupu zipo na hufanya kazi vizuri, lakini vishikio vya nyuzi za bolti vilivyogandishwa ndani vinaweza kulegea, na ukikaza kupita kiasi nyuzi za kaboni hupondwa bila kuonyesha alama nje. Aluminiamu mara nyingi hutoa ufa unaoonekana kwanza. Kaboni huweza kukatika ghafla. Iliyotumika na mtu mwingine usiinunue kwa bei yoyote.

Zile zilizounganishwa na usukani kuwa kipande kimoja ni nyepesi na nzuri kwa upepo. Ukikosea urefu, unabadilisha vyote viwili.

5. Chini ya g 90

Ni za mashindano ya kupanda mlima na za watu wanaofungua baiskeli yao kila mwezi kuikagua. Kwa matumizi ya kila siku, hapana.

Nje ya orodha kabisa ziko stemu zisizo na jina wala maelezo ya toki, hasa za kaboni zinazoiga kampuni kubwa. Kiwango cha ISO 4210, sehemu yake ya 5, kinaeleza namna ya kujaribu mifumo ya usukani, pamoja na kuipinda mara maelfu kuona kama itachoka. Muuzaji asiyeweza kusema kama stemu yake imepita jaribio hilo, mpite. Za titaniamu, tofauti na hizo, ni salama na haziozi, ila huwa nzito kuliko aluminiamu nzuri, kwa hiyo hazina nafasi katika mjadala wa wepesi.

Kufunga

Malalamiko mengi ya usukani kuteleza yanatokana na ufungaji. Futa sehemu zote za mgusano kwa spiriti. Usukani wa kaboni upake pasti ya kaboni yenye chembechembe, kamwe si grisi. Mrija wa uma uishie mm 2 hadi 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu. Ukifika juu kabisa, kofia inayofunika stemu kwa juu itaukandamiza mrija badala ya stemu na beringi zitabaki zimelegea. Kaza kofia kidogo tu hadi uma uache kucheza unapobana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma. Nyoosha stemu, kisha kaza bolti za nyuma kwa zamu.

Kifuniko cha mbele kikazwe kwa msalaba, kwa hatua: Nm 2, 3, 4, kisha toki kamili. Nafasi ya juu na ya chini iwe sawa, isipokuwa kwa miundo inayotaka upande mmoja ufungwe kwanza. Nafasi isiyolingana hupinda bolti, na bolti iliyopinda ndiyo huanzisha ufa kwenye tundu lake. Pima toki tena baada ya kilomita 100.

Kukagua

Mara mbili kwa mwaka, toa kifuniko, futa, na umulike kwa tochi pembezoni mwa matundu ya bolti na kwenye mpasuo wa nyuma. Mstari mwembamba unaokwama kucha si mkwaruzo. Vumbi la kijivu kati ya usukani na stemu maana yake vinasuguana, na mlio unakuja. Wanaoendesha ndani ya nyumba wakague kila mwezi: jasho hudondokea hapo hapo, likaingia kwenye bolti za chuma, na chumvi yake hula aluminiamu kimya kimya. Ukianguka ukapinda usukani, badilisha na stemu, hata kama haina alama yoyote.