Mosh na Vim ya mbali, nyota nne

Jamani hii Mosh, programu ya kuingia na kufanya kazi kwenye seva ya mbali, inafanya kazi. Nilikuwa nahariri mafaili kwa Vim (kihariri cha maandishi) kwenye seva ya mbali, nabonyeza herufi inakuja kutokea baadaye kabisa, inachosha mno. Nikapima kwanza, ping (muda wa kwenda na kurudi hadi seva) inasoma milisekunde 280, nikafungua kwa vim -u NONE (Vim tupu, bila mipangilio wala plagini, yaani viongezo) bado nzito vilevile, basi shida si plagini ni mtandao wenyewe. Mosh inatumia UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho) na inakuonyesha herufi hapohapo kabla seva haijajibu, tena ukibadili waifai unaendelea ulipoishia! Ila lazima iwekwe pande zote mbili, kwako na kwenye seva, na poti za UDP 60000 hadi 61000 zisiwe zimefungwa. Nyota moja nimeikata sababu huwezi kupandisha juu usome yaliyopita, mi natumia tmux, programu ya terminali inayoniwezesha kuyasoma.