TAHADHARI: Nimewekewa silikoni ya matiti Uturuki kupitia dalali wa Instagram, na mpaka leo sijui nimewekewa nini

Wadada zangu, naandika hii nimeegemea mito mitatu. Kulala kifudifudi nilishasahau, na upande wa kushoto siwezi kuulalia tena. Someni yote, hasa wewe uliyeshatuma advansi.

Nimenyonyesha watoto wawili, kila mmoja miaka miwili, na kifua changu kiliisha. Sikutaka kufanana na msanii yeyote, nilitaka gauni linikae tu. Mwenye swali la "ulikuwa unatafuta nini?" asijisumbue, mama yangu mdogo ameshauliza kwa niaba ya ukoo mzima.

Dalali nilimpata Instagram. Si daktari wala si nesi, ni dada wa hapahapa Dar anayejiita mratibu. Anauza kifurushi: upasuaji Istanbul, hoteli usiku tano, gari la kukupokea uwanja wa ndege na mkalimani. Dola 3,900, tiketi juu yako. Nililipa kwa awamu tatu, zote kwenye akaunti ya mtu binafsi ambaye jina lake halikuwa hata la huyo dada. Aliniambia ni akaunti ya mumewe, nami nikaona haya kuchimba mambo ya ndoa ya watu.

Daktari nilimwona kama dakika kumi, asubuhi ileile ya upasuaji, ananichora kifuani kwa kalamu. Fomu za ridhaa zilikuwa za Kituruki, kurasa nane, na kazi ya mkalimani ilikuwa kuonyesha kidole: saini hapa, na hapa. Na dalali tulikuwa tumekubaliana saizi ya wastani. Nilipozinduka nikakuta mzigo. Nikaambiwa huo ni uvimbe, utashuka. Uvimbe ulishuka kweli, mzigo ukabaki, na mgongo wangu unaujua. Siku ya tano nikawa kwenye ndege, mirija ya kutolea majimaji ilikuwa imechomolewa usiku wa kuamkia safari.

Nisiwe mwongo, miezi sita ya mwanzo nilifurahi. Makovu yalipona vizuri. Dalali aliniomba picha ya maendeleo "kwa ajili ya daktari", nikamtumia.

Mwezi wa saba titi la kushoto likaanza kupanda na kukaza. La kulia laini, la kushoto dafu. Sitanii, ukiligonga ni dafu. Kisha yakaja maumivu, mtoto akinirukia nashika ukuta. Nikamwandikia dalali. Kwanza akasema nisugue kwa mafuta ya nazi. Wiki iliyofuata akasema ni mimi nimebeba ndoo. Baada ya hapo ujumbe wangu ukawa unabaki na tiki moja ya kijivu, na picha yake ya WhatsApp ikapotea. Namba ya kliniki niliyokuwa nayo ilikuwa ya mkalimani, naye ameshaacha kazi hiyo.

Nikaenda hospitali hapa nyumbani. Nesi wa mapokezi aliposikia "kipandikizi" akanishika mkono wa juu, anatafuta kile kijiti cha uzazi wa mpango. Tukacheka wote wawili, na ndicho kicheko cha mwisho kwa siku ile. Daktari alinipima, akanitazama, akauliza swali moja: "Dada, kadi yako iko wapi?"

Kadi gani?

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kila kipandikizi cha matiti kinachotoka kiwandani kihalali kina namba yake, na mgonjwa anatakiwa kuondoka na kadi: jina la mtengenezaji, aina, ujazo, namba ya mfululizo, tarehe ya upasuaji, upande wa kushoto na wa kulia. Mimi niliondoka na sidiria ya kubana na paketi ya antibayotiki.

Ugonjwa wangu wenyewe daktari alinieleza vizuri. Mwili ukikuta kitu kigeni hauwezi kukitoa, kwa hiyo unakijengea ukuta wa kovu pande zote. Kwa kila mtu huo ukuta upo, hata kama kazi ilifanywa na bingwa. Kwa wengine ukuta huo unasinyaa na kukiminya kipandikizi, titi linakuwa gumu, linapanda, linapinda. Wanapima kwa daraja nne. La kwanza titi ni laini kama kawaida, la nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma. Langu ni la nne. Kusugua hakusaidii, mafuta ya nazi bakini nayo ya wali. Dawa yake ni kurudi kwenye kisu, kutoa kipandikizi na ule ukuta.

Lakini kabla ya kukata alitaka kujua kuna nini ndani. Uso wa kipandikizi ni laini au wa kukwaruza? Mtengenezaji nani? Altrasaundi ilionyesha mifuko miwili ambayo haijapasuka waziwazi. Haiwezi kusoma lebo.

Nilidhani ananitisha, nikarudi nyumbani nikasoma. Kulikuwa na kampuni ya Ufaransa inaitwa PIP, kiwanda chake karibu na mji wa Toulon. Kwa miaka ilikuwa inajaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu, kwa sababu ilikuwa nafuu. Ilifungwa mwaka 2010. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake kama 30,000 nchini humo wakatolewe, na nje ya Ufaransa walikuwepo mamia ya maelfu wengine. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Kilichonikata maini ni kwamba mali hiyohiyo iliuzwa kwa majina mengine pia: Uholanzi M-Implants, Ujerumani TiBREEZE. Mtu alikuwa anaweza kuapa kwamba hana PIP, kumbe anayo.

Halafu kuna suala la ule uso wa kukwaruza. Julai 2019 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso huo, ikaviondoa dunia nzima, kwa sababu ya saratani ya limfu inayoota kwenye ule ukuta wa kovu. Si saratani ya titi lenyewe. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani na vifo 33. Ni ugonjwa wa nadra, na wasio na dalili hawakuambiwa wakimbilie kuvitoa. Lakini waliambiwa wajue wana aina gani, na wakiona titi limevimba maji ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji wasikae nyumbani. Mwenye kadi anaitazama kadi yake, anajua asimamie wapi. Mimi nasimama juu ya nini?

Na lile neno "vinadumu maisha yote" aliloniambia dalali kwa sauti ya WhatsApp, bado ninayo, ni uongo mtupu. Tangu Oktoba 2021 Marekani daktari halali lazima apitie na mgonjwa orodha ya madhara na wote wawili waisaini, na humo imeandikwa wazi kwamba hivi si vitu vya maisha yote, na kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa matatizo unavyoongezeka. Vya silikoni vinaweza kupasuka bila wewe kuhisi chochote, ndiyo maana wanashauri altrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya bei, ongeza vipimo hivyo na upasuaji mwingine mmoja angalau. Dola 3,900 ilikuwa kiingilio tu.

Simwambii mtu asifanye. Mwili ni wako. Siichafui Uturuki pia, kuna madaktari wazuri kule na kuna watu wamerudi salama. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutuma hata senti moja, muulize anayekuuzia: utaniwekea kampuni gani, uso gani, ujazo gani, na kadi nitapewa lini? Omba akuandikie. Dalali wangu ningemuuliza hivyo angenipotea siku ileile, nami ningebaki na pesa zangu. Muulize pia jina kamili la daktari atakayekukata, si jina la kliniki, ukalitafute kwenye rejesta ya nchi yake. Kwa hapa ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni baraza la madaktari la huko, KMPDC, na zote mbili zinatazamika mtandaoni bure. Halafu likikupata jambo mwezi wa saba, nani atakushika? Madaktari wawili hapa Dar walikataa kugusa kazi ya mwenzao wasiyemjua, wa tatu ndiye aliyenipokea, na gharama aliyonipa inakaribia ile niliyolipa Istanbul. Upasuaji ni mwezi ujao. Ameahidi nikitoka nitapewa nilichotolewa, ndani ya chombo, tusome kilichoandikwa kwa nyuma kama kipo.

Kuhusu dalali: ule ukurasa wa kwanza ameufuta. Wiki mbili zilizopita binamu yangu akanitumia mwingine, jina jipya, bei imeshuka kuwa 3,500, "nafasi sita tu za Desemba". Jina silitaji hapa, nimeshakwenda polisi na nimeambiwa nisubiri. Ila mtamtambua. Picha anayoweka ya "baada" imekatwa shingoni, sidiria nyeusi, na kuna baka dogo chini ya bega la kushoto. Huyo ni mimi, mwezi wa tano tangu upasuaji.