Yes, Chef ya Marcus Samuelsson: soma ukiwa umeshiba

Aisee hiki kitabu kimetoka tangu 2012 na mimi ndo kwanza nimekimaliza juzi, sijui nilikuwa wapi. Marcus Samuelsson ni yule shefu Mhabeshi mwenye mgahawa wa Red Rooster pale Harlem, New York. Kazaliwa Ethiopia, kifua kikuu kikawapata yeye, dada yake na mama yao, mama akawapeleka Addis Ababa kwa miguu kutafuta hospitali, akafia huko huko. Watoto wakapona, wakachukuliwa na familia ya Sweden, wakakulia Göteborg. Hana hata picha moja ya mama yake, anachokishika ni berbere, ule mchanganyiko mwekundu wa pilipili na viungo vya kwao, na hapo kitabu ndo kinaanza, yaani ukurasa wa kwanza tu ushakamatika.

Halafu kuna bibi Helga, bibi yake wa Kizungu kwenye ile familia ya Sweden, ndo aliyemtia jikoni. Kuku wa bibi Helga hatupwi kitu, nyama ikiisha mifupa inarudi sufuriani inakuwa supu, na dogo yupo pembeni anapewa kazi za kufinyanga mipira ya nyama. Ukisoma pale utamkumbuka bibi yako tu, hata kama wako alikuwa wa Tanga na nazi zake.

Ila utamu wenyewe uko katikati, akiwa mwanafunzi wa kazi kwenye majiko ya Ulaya. Kuna hoteli kubwa Interlaken, Uswisi, huko mpishi mdogo hana jina, hana maoni, ukiitwa unaitika na unakimbia, na jamaa anasema alikuwa anatapika kwa woga kabla ya kuingia zamu halafu anajifuta anaingia kukata mboga kama hakuna kilichotokea!! Mimi napenda hivyo, mtu anakuonyesha kazi yenyewe, kusugua, kubeba, kuungua vidole, kutukanwa, siyo zile picha za sahani imewekwa jani moja juu. Na rangi yake pia haifichi, anaeleza milango aliyogonga ikabaki imefungwa, bila kulia lia.

Kingine nilichompa maksi, hajipambi. Alizaa akiwa kijana mdogo na akakaa miaka kibao bila kumwona mtoto wake, analiandika hilo lilivyo, mengine unasoma unamkasirikia kabisa.

Sasa lawama. Akishapata zile nyota 3 za gazeti la New York Times mwaka 1995 pale Aquavit, mgahawa wa New York alikokuwa anapika, hajafika hata miaka 25, kitabu kinaanza kupoa. Majina ya wakubwa yanakuwa mengi, mara dhifa ya Ikulu ya Obama 2009, mara kufungua Red Rooster 2010, sawa kaka tumekuelewa umefika, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kunusa vitunguu. Hizo kurasa nilizipitia mbio mbio.

Usinunue ukitegemea mapishi, hayamo, hii ni maisha yake. Kiingereza chake chepesi, hakihitaji kamusi. Kama una mdogo wako anasoma hoteli au yupo fildi jikoni mpe akisome kabla hajakata tamaa, ila mwandike jina kwenye daftari maana changu nimemwazima dogo mmoja na nikimuuliza ananiambia bado yupo Uswisi.