Giaboksi na Ekseli ya Series III Ndani ya Land Rover 109 Series IIA: Wiki Tatu na Mzigo wa Dagaa

Mwangaluka! Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa wote mnaotazama. Leo niko gerejini Nyakato hapa Mwanza, na hii hapa nyuma yangu ni Land Rover yangu ya 109 (yaani inchi 109 kutoka ekseli mpaka ekseli), Series IIA, ile inayobeba dagaa kutoka Kayenze mpaka soko la Mwaloni pale Kirumba. Chini yake sasa kuna giaboksi na ekseli ya nyuma vilivyotoka kwenye 109 nyingine, Series III, ambayo chasisi yake imeliwa na kutu. Nimeitembeza wiki tatu na mzigo ndipo nikawasha kamera, maana spea ya mtumba ukiisifia siku ya kwanza unawapoteza watu.

Kilichonifikisha hapa ni mlima wa Isamilo. Napanda na mzigo, nikasikia "ka!" huko nyuma, gari ikaacha kuvuta. Hafushafti, ile shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, imekatika. Nikavuta hendibreki, gari bado inarudi. Wenye Land Rover hizi naomba mnisikilize vizuri: hendibreki yake haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya transfa, ile boksi ya gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, na inashika propela, shafti ndefu inayokwenda kwenye ekseli. Hafushafti moja ikikatika, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inazungusha bure ule upande uliokatika, na hendibreki haina tena kitu cha kushika. Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote, utingo akaruka chini akatupia mawe nyuma ya matairi. Ndipo nikabonyeza kile kitufe cha njano, ekseli ya mbele ikaingia, nikatoka pale nikivutwa na magurudumu ya mbele tu.

Haya, sogeza kamera huku chini. Ile ya zamani, iliyolala pale kwenye kona, ndiyo ekseli ya Rover. Hafushafti zake upande wa difu zina meno 10. Hii mpya inaitwa Salisbury. Kuanzia 1972 ndiyo iliyokuwa ikifungwa nyuma ya Series III 109. Hafushafti zake zina meno 24. Angalieni unene wa bomba lake, angalieni na tumbo la difu lilivyo kubwa. Ile ya zamani inakunywa oili lita 1.7 hivi, hii inakunywa 2.5. Ni nzito, tuliibeba watu wanne na tukapumzika njiani.

Kabla sijatoa hela nilihesabu uwiano wake, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa magurudumu, na wewe usinunue bila kuhesabu. Ekseli ikiwa chini, mwenzako ashike gurudumu moja lisizunguke kabisa. Wewe zungusha la pili mizunguko miwili kamili, huku mtu wa tatu akihesabu flenji ya propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, hiyo ni 4.7, ndiyo ya Land Rover hizi. Ikizunguka mara tatu na nusu hivi, hiyo ni 3.54 ya Range Rover za zamani au Discovery. Ukiifunga hiyo nyuma na mbele ukabaki na 4.7, siku utakayoingiza foowili, magurudumu yote manne yavute, kwenye lami mbele na nyuma vitavutana mpaka kitu kivunjike.

Sasa nije kwenye lile neno la "Landrover ni Landrover, zote zinaingiliana". Nimeambiwa hivyo na watu wengi mwaka huu. Ni kweli inaingia, lakini haiingii peke yake. Ekseli tuliiweka kwenye springi zilezile, ila U-bolti za zamani hazikupita kwenye bomba nene. Propela ya zamani ikawa ndefu, kwa sababu pua ya Salisbury imesogea mbele. Inatakiwa propela fupi ya Salisbury. Kwenye giaboksi nako, klachi ya IIA yangu ya petroli ni inchi 9, ya Series III ni inchi 9.5, na mashimo ya flaiwili yangu, lile gurudumu zito la injini, hayakulingana na presha pleti yake, ile sahani inayokandamiza klachi. Hata namna ya kusukuma klachi wamebadilisha, silevu silinda, ile inayosukumwa na mafuta ukikanyaga klachi, imekaa mahali pengine. Ukinunua giaboksi tupu, utazunguka mji mzima kutafuta vitu hivi kimoja kimoja, na kila kimoja kina bei yake.

Kilichoniokoa ni mzee wetu fundi wa hapa. Aliniambia, "Mwanangu, usinunue giaboksi, nunua gari." Nikapatana na mwenye ile Series III kwa vyote pamoja: flaiwili, klachi, silevu silinda na bomba lake, giaboksi na transfa yake, propela ya nyuma, ekseli na U-bolti zake, mpaka bolti tukaweka kwenye kopo.

Kutoa giaboksi ni kazi ya siku nzima. Haishuki chini kama ya Corolla. Unang'oa viti, boksi la viti na sakafu, unainyanyua kwa winchi, inatokea mlangoni. Na kumbukeni, ukishafungua propela ya nyuma gari haina hendibreki, kwa hiyo mawe kwenye matairi kwanza.

Giaboksi yenyewe nimeipenda. Ile ya IIA ina sinkronaiza, kile kinacholinganisha mwendo wa gia zisisage, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kushuka kwenda ya pili na mzigo lazima ukanyage klachi mara mbili na upige resi katikati, ukikosea inasaga. Hii ya Series III ina sinkronaiza gia zote nne. Mdogo wangu, ambaye zamani nilikuwa simpi funguo, sasa anaendesha mpaka Usagara na kurudi. Oili nimeweka ya daraja la GL-4, maana zile pete za ndani ni za shaba na baadhi ya oili za GL-5 zinaila.

Kasoro ninazo mbili. Oili sili ya pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, inatoa jasho, mnaiona hapo, nitaibadilisha. Ya pili ni kubwa zaidi: difu ya Rover unaichomoa kwa mbele na kufunga nyingine asubuhi moja, lakini Salisbury inafunguliwa kwa nyuma, na kuitoa inahitaji kifaa cha kutanua nyumba yake pamoja na fundi anayejua kupima shimu, vile visahani vyembamba vya kuweka nafasi ya gia. Hapa gerejini kifaa hicho hakipo. Ikivuma au ikicheza kabla hujainunua, iache.

Kwa wanaobeba mzigo na wana hela ya kitu kimoja tu: chukueni ekseli, na propela yake. Gia za IIA mtu anajifunza, mimi nimeziendesha miaka tisa. Lakini pale Isamilo nyuma yangu walikuwa wanafunzi wanatoka shule, wanapandisha mlima kwa miguu.

Ngoja niiwashe, nipande nayo palepale. Utingo, shika kamera.