Procera Blue Dot: jini ya Nairobi yenye harufu ya mtarakwa

Mnaokunywa jini hapa Nairobi mmeona jinsi mambo yalivyobadilika. Zamani jini ilikuwa kichupa cha bei nafuu cha kuchanganya na soda, basi. Siku hizi rafu za madukani zimejaa chupa za kila rangi: ya waridi, ya zambarau, ya stroberi, ya embe. Nimezionja nyingi. Sukari unaipata, manukato unayapata, lakini jini yenyewe unaitafuta humo ndani huioni. Ndiyo maana nilipoinunua Procera, inayotengenezwa papa hapa Nairobi na kuuzwa mara kadhaa ya bei ya jini ya kawaida, nilikuwa na swali moja tu: je, mtarakwa, ule mti wa juniperi wa kwetu, nitaukuta?

Maana jini bila juniperi si jini. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ladha ya juniperi ndiyo itawale, na kilevi kisipungue asilimia 37.5. Jini nyingi duniani hutumia tunda la Juniperus communis, ambalo hufika kiwandani likiwa limeshakaushwa. Procera wao wanatumia tunda bichi la Juniperus procera, mtarakwa wetu, aina pekee ya juniperi iliyovuka ikweta kwa asili. Waliokulia Kijabe, Nyandarua au Mau wanaujua vizuri. Ndio mti wa nguzo za ua zisizoliwa na mchwa, na mbao zake zilichongwa penseli enzi na enzi. Kwamba mti tuliouzoea kwa nguzo unaweza kubeba kinywaji cha hadhi hii, hilo peke yake lilinitia hamu.

Chupa inapulizwa kwa mkono kwenye karakana ya vioo ya Kitengela, kutokana na vioo vilivyokwisha kutumika. Yangu ni nzito, imenenepa kidogo upande mmoja, na karibu na shingo kuna kipovu kidogo cha hewa kilichonaswa ndani ya kioo. Ukiisha kuimaliza huitupi. Yangu sasa ndiyo ya maji ya kunywa mezani.

Nilianza kwa kuinywa kavu, bila barafu, kwenye glasi ndogo. Harufu ya kwanza ni mtarakwa hasa, ule ubichi wa jani lililosagwa baina ya vidole, na nyuma yake kuna kitu kama utomvu na karanga. Nilitegemea ukali wa kuchoma koo, haukuja. Kinywani ni laini, karibu kama mafuta, kisha viungo vinafuata polepole: iliki nikaitambua mara moja, halafu ndimu, halafu ukali wa pilipili unaobaki ulimini muda mrefu. Nilitia matone machache ya maji, harufu ikafunguka zaidi. Kama unayo chupa nyumbani, jaribu hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Na toniki? Inakubali, ila kwa masharti. Toti moja, toniki mara mbili yake isizidi, iwe ile isiyo na sukari nyingi, na barafu kubwa kubwa ili isiyeyuke haraka. Badala ya kukamulia limau, nyunyiza punje chache za chumvi. Chumvi hupunguza uchungu wa kwinini iliyomo kwenye toniki, na viungo vya jini vinajitokeza. Mimi sasa sirudi kwenye limau.

Kinachoniudhi ni jinsi inavyouzwa kwenye baa. Baa moja ya Westlands nilitozwa bei ya Procera, nikaletewa glasi iliyojazwa toniki tamu hadi ukingoni, na juu yake vipande vya stroberi. Mtarakwa ulikuwa umezikwa. Tangu hapo naomba jini iletwe peke yake na toniki pembeni, nichanganye mwenyewe. Mhudumu hawezi kukunyima hilo.

Watu huniuliza kama bei hii ni ya haki. Mimi naona ni ya haki, na sababu iko kwenye namna jini ilivyofufuka yenyewe. Miaka ya themanini na tisini vodka ndiyo iliyotawala, na jini ikahesabiwa kinywaji cha wazee. Bombay Sapphire ya miaka ya themanini na Hendrick's ya 1999, na tango lake, zilianza kuigeuza hali hiyo. Lakini mlango ulifunguka hasa mwaka 2009 London, kampuni ya Sipsmith ilipopata leseni ya mtambo mdogo wa shaba wa kukenekea jini. Mamlaka ya kodi ilikuwa ikikataa mitambo ya chini ya lita 1,800, na wao walihangaika karibu miaka miwili hadi wakaruhusiwa. Baada ya hapo watengenezaji wadogo wakaibuka kila mahali, wakitumia mimea ya kwao. Uzuri wa ufufuo huu ulikuwa huo: jini iwe na ladha ya mahali ilikotoka. Rangi na sukari zilikuja baadaye, na kwa maoni yangu zinaturudisha nyuma. Procera imeshika lile la mwanzo, na tunda bichi haliwezi kuokotwa, kuchambuliwa na kupikwa kwa bei ya soda.

Aliyezoea jini tamu anaweza kuiona kavu mno, na sitamlazimisha. Anayependa martini, hii ndiyo chupa yake: ilaze kwenye friza usiku kucha, vermuti (divai ya viungo) kidogo sana, zile punje za chumvi, usitikise. Ukitaka mtarakwa mtupu bila viungo vingine, iko Procera Green Dot, lakini mimi ningeanza na Blue Dot. Na bei ikikushinda, changeni watatu wanne, mfungue jioni moja pamoja, na atakayetumwa toniki aambiwe mapema asilete ya sukari.