Alinijibu "hongera" nikiwa natetemeka

Nilijipa muda hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Reiki, ile tiba ya kuwekewa mikono inayosemekana kuponya kwa nishati, inafanywaje, hayo atayapata yeyote anayeyatafuta. Mimi nataka kueleza neno moja nililoambiwa kwenye simu na mtu niliyemkabidhi mwili wangu. Nilimpigia usiku, jasho linanichuruzika, mikono inatetemeka hata simu naishika kwa shida, kiuno kinawaka moto. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Hongera, mwanangu. Sumu inatoka."

Hongera!

Nina maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto mpaka kisigino. Maumivu yakipita miezi mitatu madaktari huyaita sugu; yangu siku hizi siyahesabu tena kwa miezi. Ukiishi nayo hivyo unafika mahali huulizi tena habari ya kupona. Unataka usiku mmoja tu ulale. Watu wanachoka kukuuliza hali, nawe unachoka kujibu "sijambo". Kwa hiyo rafiki aliponitajia Reiki sikuuliza ushahidi wala vyeti. Nilikwenda.

Na hapa sina budi kusema kweli, ingawa inanipunguzia makali: mara ya kwanza nililala. Yule mama aliweka mikono kichwani, akaihamishia mabegani, tumboni, magotini, kila mahali dakika chache, bila kuchua wala kubonyeza. Pengine hakunigusa kabisa, mikono ilielea juu ya nguo. Nilisikia joto. Kisha nikashtuka ananigusa bega, muda umekwisha. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimesahau mwili usiopigana unakuwaje. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa mbali, kama kelele za jirani ukishafunga dirisha. Yakakaa huko mpaka kesho yake jioni.

Nikarudi. Mara tano, labda sita. Si kila mara nililala, lakini kila mara mtu alikuwa amenishika kwa utulivu bila kuniharakisha, na hilo hospitali nyingi hazina muda nalo. Daktari wangu hakupinga. Alinieleza kwamba maumivu yakikaa muda mrefu, neva na ubongo hubaki katika hali ya tahadhari, hata jambo dogo huonekana hatari, na chochote kinachoutuliza mwili kinaweza kupunguza ukali hata kama hakifiki kwenye chanzo. Alisisitiza jambo moja: iwe nyongeza, dawa ziendelee.

Dawa ndizo zilizoleta balaa. Siku moja nilimwambia yule mama kwamba wiki ile ilikuwa mbaya. Nilitarajia pole. Akashusha pumzi, akaniambia nimebeba kinyongo, kuna mtu sijamsamehe. Nikasema hakuna. "Unaona? Huko kukataa ndiko kunakoyashikilia maumivu." Nilikuwa nimelala chali, macho yamefungwa, mikono yake iko kichwani pangu. Ukiwa katika hali hiyo huna nguvu ya kubishana. Halafu akaendelea: dawa zangu zinaziba nishati, nizisimamishe mwili ujisafishe, na nikizidiwa nisiogope.

Nikamsikiliza. Haya ndiyo yanayoniuma kuliko kiuno chenyewe. Nilikuwa natumia gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, na nilishaelezwa tangu mwanzo kwamba haiachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari, la sivyo mwili unaasi: jasho, wasiwasi, usingizi kukatika, maumivu kurudi kwa kishindo, na kwa mwenye kifafa hata degedege. Nilijua, nikaacha. Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amenilaza usingizi, na mtu aliyekupa usingizi baada ya muda mrefu namna ile unaweza kumwamini kwa lolote.

Usiku wa pili ndipo nikapiga ile simu.

Ukutani kwake kuna karatasi yenye mafundisho matano ya Mikao Usui, Mjapani aliyeanzisha Reiki mwaka 1922. Yanaanza na "kwa leo tu": usikasirike, usiwe na wasiwasi, shukuru, fanya kazi kwa bidii, watendee wengine wema. Nimeyasoma mara nyingi nikingoja zamu yangu. Hamna mahali paliposema mwachishe mgonjwa dawa. Vyama vingi vya watoa Reiki vina miiko yao pia: mtoa Reiki hatambui ugonjwa, haandiki dawa, haachishi dawa. Kwa hiyo asijifiche nyuma ya Reiki. Alichoniambia ni chake mwenyewe.

Baadaye nilisoma. Mwaka 2008 Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 100 wenye faibromayaljia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima. Wengine walitibiwa na mabingwa wa Reiki, wengine na waigizaji waliofundishwa kuiga tu, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Maumivu hayakutofautiana. Kuna tafiti ndogo ndogo zinazosema watu walipata nafuu, na wakati ule ningezishika hizo nikaacha ile kubwa. Leo mtu akiniambia kilichonilaza ni kitanda, ukimya na mikono yenye joto, sitabishana naye. Bado nililala. Utafiti hauwezi kuniondolea ile saa.

Ndiyo maana nashindwa kumalizia nilivyokusudia. Nilikuja kuwaambia msiende. Sasa nikikumbuka zile ngazi nasema nenda, kama una maumivu ya namna yangu na unataka kupumzika tu, nenda kwa mtu asiyekuahidi zaidi ya kupumzika. Kisha nakumbuka "hongera" na damu inapanda tena. Mtu ametetemeka usiku kucha, anakupigia kwa hofu, unampongeza? Hata "pole" haikuwepo. Hata "kamwone daktari". Kama ningekuwa na kifafa je?

Nilirudi kwenye dawa kesho yake kwa maelekezo ya daktari. Aliniuliza nani kanishauri kuacha. Nikasema hakuna, niliamua mwenyewe. Nilimkinga! Mpaka leo sielewi kwa nini, na ni moja ya sababu za kuandika haya.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nampa mbili, ya pili ni ya siku ya kwanza peke yake, na akisoma hapa ajue hiyo haifuti ile simu. Ukienda kwake, au kwa mwingine, kabla hujavua viatu muulize: nikizidiwa nifanye nini? Akijibu kitu chochote ambacho si daktari, toka.

Juzi alinitumia ujumbe kwamba nafasi yangu ya Alhamisi bado ipo. Sijajibu. Alhamisi ilipofika nililala chali nyumbani, mikono yangu mwenyewe tumboni, dirisha nimelifunga. Joto lilikuja kidogo. Usingizi haukuja.