Gitaa jipya lilivyomkatisha binti yangu tamaa, na fundi aliyelinyoosha: uzoefu wangu hapa Dodoma

Mwezi wa nne nilimnunulia binti yangu gitaa la nyuzi za chuma kwenye duka moja Kariakoo, shilingi 280,000. Nikapanda nalo treni ya SGR hadi Dodoma nimelipakata njia nzima. Muuzaji alinihakikishia kwamba limetoka kiwandani limekamilika, kazi ni kufungua boksi na kupiga. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayetaka kununua, maana maneno yale yalitugharimu miezi miwili.

Binti yangu yuko darasa la sita, anaimba kwaya ya watoto kanisani. Alianza kwa ari kubwa. Wiki ya pili ncha za vidole zikatoka malengelenge. Nikamwambia avumilie, wapiga gitaa wote wamepita hapo, na ni kweli mwanzoni vidole huuma. Ila kuna jambo alikuwa ananieleza nami nalipuuza: "Mama, nikiziacha nyuzi wazi ziko sawa, nikibana huku mwanzoni sauti inapanda." Na kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ile ambayo kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita, ilikuwa haitoki kabisa. Mwezi wa sita akaliegemeza gitaa nyuma ya kabati, akasema yeye muziki haumfai. Iliniuma sana kusikia vile.

Mwalimu wao wa kwaya alipokuja nyumbani akalishika, akabana kodi moja tu, akaniangalia. "Mama, hili hata mimi linanishinda. Mpelekee fundi."

Fundi mwenyewe ni mzee wa pale Majengo. Binti yangu akaamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia huku ameshalichukua gitaa mkononi. Hakupiga hata sauti moja. Alifumba jicho moja akachungulia shingo toka kichwani hadi tumboni, kama seremala anayekagua ubao uliopinda. Kisha akatoa rula ya chuma, akaisimamisha kwenye freti ya 12, yaani kile chuma chembamba cha 12 kati ya vile vilivyokingama shingoni. Uzi mnene ulikuwa umepanda juu ya freti karibu milimita 4. "Mjukuu wangu," akamwambia, "vidole vyako havina kosa. Hapa inatakiwa mbili na nusu."

Nikauliza kwa nini kiwanda kitoe kitu namna ile. Akasema kwenye magitaa ya bei hii hawana muda wa kukaa na kila moja, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza, kwa hiyo wanaliacha likiwa juu. Uzi ulio juu haugongi freti ukatoa mlio mbaya, basi hata dukani hakuna atakayelalamika. Isitoshe nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya takribani kilo 70, na shingo ya mbao haiwezi kukaa vilevile miezi yote ya safari na ya kukaa stoo.

Alianza na shingo. Ndani yake kuna fimbo ya chuma, akaikaza kwa ufunguo robo mzunguko tu, akachungulia tena. Akahamia kile kipande cheupe pale shingo inapokutana na kichwa, chenye vijia sita vya nyuzi. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya sauti kupanda: vijia vilikuwa havijachimbwa vya kutosha, uzi unakaa juu mno, kwa hiyo ukiubana freti ya kwanza unauvuta kwanza ndipo unagusa. Ukiuvuta, sauti inapanda. Mtoto alikuwa amesikia sawasawa. Fundi alichimba kila kijia kwa tupa nyembamba, mara mbili tatu, anarudisha uzi, anabana freti ya tatu na kutazama mwanga unaopita juu ya freti ya kwanza, anatoa tena.

Mwisho akang'oa kipande cha darajani, kile chembamba kinachobeba nyuzi upande wa tumboni. Akakiwekea alama ya penseli, akatandika msasa juu ya kioo cha dirisha ili upande wa chini ubaki bapa, akasugua taratibu hadi zikatoka milimita 2. Huku zikitoka mbili, kule freti ya 12 inashuka moja.

Nilipotazama nilimkumbuka marehemu babu yangu, ambaye hakuwahi kuanza kupiga ilimba yake bila kwanza kusukuma vile vyuma mbele na nyuma hadi sauti imkubali. Sisi tuliokulia Ugogoni, kwenye nchi ya mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa ilimba, tulipaswa kujua kwamba ala hailetwi ikiwa tayari.

Nililipa shilingi 35,000, pamoja na nyuzi mpya nyembamba kidogo. Lawama yangu moja: aliniahidi siku mbili, zikawa tano, na simu hapokei. Lakini kazi ni safi. Jioni ile ile F ilitoka. Haikutoka vizuri, ila nyuzi zote sita zilisikika, na mtoto akairudia mpaka nikamwita mara tatu aje kula.

Hadithi haikuishia hapo. Gitaa lilinunuliwa pwani wakati wa masika, likaja kukutana na kiangazi cha Dodoma na upepo wake. Mwezi wa nane ncha za freti zilianza kuchoma mkono pembeni mwa shingo. Mbao zinakauka na kusinyaa, chuma kinabaki vilevile. Fundi alizilainisha kwa tupa, shilingi 10,000. Akatuelekeza pia tuweke ndani ya mfuko wa gitaa kiboksi cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa isidondoshe.

Kwa hiyo ukiwa na 280,000, nunua la 240,000 na ile 40,000 mpe fundi. Ukiwa dukani bana freti ya kwanza uzi mmoja mmoja kwa kidole chako mwenyewe, na usikubali muuzaji akupigie.

Kipande cha darajani tumeshanunua cha akiba. Mvua za Desemba zikianza mbao zitavimba, nyuzi zitapanda tena kidogo, na tutarudi Majengo.